Risala ya wanakisomo wazee kwa Mgeni Rasmi, kilele cha Juma la Elimu ya Watu Wazima, tarehe 8 Septemba

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mheshimiwa Diwani wa kata yetu,
Ndugu Mtendaji wa Kata na Ndugu Afisa Elimu Kata,
Mwalimu Mkuu na walimu wa shule hii iliyotulea,
Viongozi wetu wa dini, wenyeviti wa vitongoji, wanakisomo wenzangu, mabibi na mabwana,

Bwana Yesu asifiwe. Tumsifu Yesu Kristo. Asalaam aleikum.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha tukiwa wazima, na kwa kukufikisha wewe salama katika barabara ambayo umeionja mwenyewe kutoka njiapanda mpaka hapa. Tunajua shughuli zako ni nyingi. Umeacha yote hayo ukaja kukaa na wazee wenye madaftari mapajani, na heshima hiyo tumeipokea kwa mikono miwili. Wengine walio mbele yako wamefika hapa tangu saa 2 asubuhi. Mama mmoja wa kitongoji cha mbali ametembea kwa mguu, kwa sababu alisema siku ya leo hataki kusimuliwa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, historia ya elimu ya watu wazima tutaipitia haraka, maana wewe unaijua na wengi wa waliopo hapa waliiishi. Usiku wa kuamkia mwaka mpya, tarehe 31 Desemba 1969, Mwalimu Nyerere alilitangazia taifa kwamba 1970 utakuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Alikwisha kueleza tangu 1964 kwamba mchango wa watoto tunaowasomesha utachukua miaka mingi kuonekana, na kwa hiyo tuanze na watu wazima. Kanda yetu ya Ziwa ilikuwa mbele: kuanzia 1968 mradi wa kisomo chenye manufaa, kwa msaada wa UNESCO, uliendeshwa kutokea Mwanza, na wakulima wakajifunza kusoma kwa vitabu vilivyozungumzia pamba, migomba na uvuvi wao wenyewe. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni mbili wakikaa vikundi vikundi kuzunguka redio, kisha wakainuka kwenda kuchimba vyoo. Mwaka 1967 watu wazima wasiojua kusoma na kuandika walikadiriwa kuwa asilimia 67. Kufikia 1986 walikuwa chini ya asilimia 10. Nchi hii ilifika huko bila simu na bila intaneti, wala umeme huku vijijini.

Baadaye mambo yalilegea. Hali ngumu ya miaka ya 1980 hatuna haja ya kuisimulia. Magazeti ya vijijini yakaacha kufika, vitabu vya maktaba vikaliwa na mchwa, na mtu aliyefuzu kisomo akarudi alikotoka kwa kukosa cha kusoma. Kati yetu wapo tisa waliokuja kujiandikisha wakiwa wamebeba vyeti vya kisomo vya zamani. Tulipowaomba wasome majina yao kwenye vyeti hivyo, walishindwa.

Darasa letu lilianza miaka sita iliyopita na wanawake 19 wa kikundi cha kuweka na kukopa. Siku ya kugawana fedha, hisa za mwenzao mmoja zilionekana pungufu kwenye kitabu, na katika wanachama wote hakuna aliyeweza kukisoma kitabu hicho akasema kosa liko wapi. Walimfuata mwalimu mstaafu mmoja wa hapa kijijini wakamwambia, "Mwalimu, tufundishe angalau namba." Hivyo ndivyo tulivyoanza, kwa namba, na herufi zikafuata.

Leo, Mheshimiwa, tuko 47: wanawake 39 na wanaume 8. Mdogo wetu ana miaka 52 na mkubwa wetu ana miaka 81. Tunakutana mara tatu kwa wiki, saa 9 alasiri hadi saa 11 jioni, watu wakitoka shamba. Jumatatu ni kusoma na kuandika. Jumatano ni afya, hasa presha na kisukari, maana ndiyo maradhi yaliyo majumbani mwetu. Ijumaa ni hesabu na matumizi ya simu. Wawezeshaji wetu ni watatu, na wanajua kufundisha watu wazima ni kazi ya aina yake. Mzee hafokewi wala haulizwi swali la kumkomesha mbele za watu. Hatuanzi na a, e, i, o, u. Mtu huanza na jina lake, kisha majina ya wajukuu zake, kisha jina la kijiji, na herufi anazikuta humo humo zikiwa za watu anaowafahamu. Mwezeshaji wetu mmoja ana miaka 26, na wanafunzi wake humwita Mwalimu na yeye huwaita Mama na Babu, na masomo yanakwenda.

Kwa muda huo mfupi tumepata mafanikio makubwa, ambayo tunaamini kata nyingi hazijayafikia. Wanakisomo 28 wamefuzu kusoma, kuandika na kuhesabu. Tuna mradi wa kuku unaotuwezesha kununua chaki na madaftari bila kumsumbua mtu. Tuna kwaya, ambayo umeisikia. Na tumepambana na tatizo la macho, ambalo huenda ndilo lililowafukuza wazee wengi kwenye kisomo pasipo watu kujua. Mtu akishapita miaka arobaini na kitu, maandishi ya karibu yanaanza kumpotea. Mwaka wetu wa kwanza tulikuwa na miwani moja iliyonunuliwa mnadani, na ilikuwa ikizunguka: huyu anasoma mstari wake, anaivua, anaifuta kwa pindo la khanga, anampa jirani. Wengine walijiita wajinga, kumbe hawaoni tu. Kwa faida ya mayai tumenunua miwani 22 ya kusomea. Wapo waliosoma sentensi yao ya kwanza siku ile ile walipoivaa.

Naomba nikutajie mambo mawili tu uone elimu hii inafanya nini nyumbani. Mama mmoja aliyepo hapa alikuwa akimeza dawa zake za presha kwa kukisia, kidonge cheupe asubuhi, cha njano akijisikia vibaya. Alipojua kusoma 1x1 na 1x2 kwenye vifuko vya dawa, alirudi zahanati na kuuliza kwa nini vidonge vyake haviishi kwa tarehe. Sasa vinaisha kwa tarehe. Mwingine alipokea ujumbe kwenye simu, ule wa matapeli ambao sote tunaufahamu, "ile hela itume kwenye namba hii." Siku hiyo alikuwa amemwahidi mwanawe karo ya mjukuu, na simu zamani ilikuwa inasomwa na kijana wa dukani. Aliusoma mwenyewe, akaona namba siyo ya mwanawe, akaufuta. Akaja darasani kutusimulia amesimama wima, na tulimpigia makofi kama bibi harusi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, sasa tunaingia kwenye jambo lililotufanya tukuombe uje.

Darasa hili halina darasa.

Kwa miaka miwili ya kwanza shule ilitupa chumba cha darasa la kwanza nyakati za alasiri, na tunaishukuru. Tulikaa kwenye madawati ya watoto wa miaka saba, magoti yakigonga meza, lakini tulikuwa ndani. Tangu ada ya shule ya msingi ilipoondolewa, watoto wameongezeka kila mwaka, na ni jambo jema, maana ni wajukuu zetu. Ilipofika shule kuanza kusoma kwa zamu mbili, chumba chetu kikachukuliwa na zamu ya mchana. Hatukunung'unika. Mzee hamnyang'anyi mjukuu wake dawati. Tukahamia chini ya ule mwembe ulioupita ukiingia getini.

Tumekaa chini ya mwembe mwaka wa nne sasa. Ubao wetu tunaufunga kwenye shina kwa kamba ya katani. Upepo ukija unageuka, na mwanakisomo mmoja anainuka kuushika kwa mkono mwenzake akiandika. Msimu wa mvua uliopita tulipoteza wiki 11 za masomo. Kuna siku mama mmoja wa miaka 67 alikuwa ubaoni akiandika jina lake kamili mara ya kwanza mbele ya watu. Alikuwa amemaliza jina lake na la baba yake, anaanza la ukoo, matone yakaanza. Wenzake walikimbilia barazani kwa jiko la shule. Yeye alibaki akaandika mpaka herufi ya mwisho, kisha akageuka atuonyeshe, na tulipotazama chaki ilikuwa imeshachuruzika mpaka chini ya ubao. Jina halikuonekana hata na mmoja wetu. Hakuja darasani kwa mwezi mzima.

Lakini mvua siyo shida kubwa, na hapa tunaomba utusikilize vizuri, kwa sababu waliotutembelea wengi waliondoka wakidhani tunaomba kivuli. Mwembe una kivuli cha kutosha. Tunachoomba ni mlango unaofungwa. Ule mwembe uko hatua chache kutoka barabarani. Watoto wakitoka zamu ya mchana wanasimama kutuangalia, na mtoto akiona bibi yake amekosea kuandika "ng'ombe" anacheka, kwa sababu ni mtoto. Vijana wa bodaboda wanapunguza mwendo. Mzee mmoja aliyekuwa na akili sana ya hesabu ameacha, na sababu alituambia kwa kificho: mkwewe anaendesha bodaboda njia hii, na siku moja walikutana macho yeye akiwa ubaoni amekwama kwenye kutoa kwa kukopa. Mheshimiwa, wewe ni mtu wa mila zetu, unaelewa uzito wa jambo hilo. Wanakisomo 14 wametuacha tangu tuhamie mwembeni, na wanaume walioacha ni wengi kuliko waliobaki. Wapo wazee wengine hapa kijijini wanaotuambia waziwazi, "Mkipata chumba, niandikeni." Wamesubiri chumba muda mrefu, na wawili kati yao tumekwisha kuwazika.

Hatukukaa tukisubiri kusaidiwa. Mkutano mkuu wa kijiji ulitupatia kiwanja, na muhtasari wake upo. Tulifyatua na kuchoma matofali wenyewe. Akina mama hawa unaowaona walisomba maji na mchanga kwa vichwa vyao. Boma liko pale nyuma ya choo cha walimu, chumba kimoja cha meta 7 kwa 9, limefika kwenye linta, ule mkanda wa zege juu ya madirisha, na kupandishwa kozi za juu, yaani safu za matofali. Kilichobaki ni kupaua. Na limesimama hivyo hivyo kwa misimu miwili ya mvua. Kozi mbili za juu upande wa mashariki zimeanza kumomonyoka, na kona moja ina ufa unaopitisha kidole. Fundi ametuambia kwamba likipita msimu wa tatu bila bati, hatakubali kulipaua mpaka tubomoe ukuta huo na kuujenga upya. Vuli inaanza Oktoba. Leo ni tarehe 8 Septemba.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba uturuhusu tuseme kwa heshima zote jambo ambalo lingekuwa rahisi kulinyamazia. Wewe si mgeni rasmi wa kwanza kuelezwa habari ya boma hili. Risala hii ni ya nne.

Mgeni rasmi wa kwanza alituahidi mifuko 30 ya saruji, na mifuko 10 ilifika. Tunamshukuru kwa dhati, maana ndiyo iliyofunga linta. Wa pili, mwaka juzi, alisimama hapo ulipokaa wewe, akatangaza bati 60 ndani ya wiki mbili, na tulishangilia mpaka ngoma ikapasuka. Baada ya mwezi tuliteua wazee watatu kwenda mjini kukumbusha. Walikwenda mara tatu, kwa nauli ya fedha za mayai. Mara ya kwanza waliambiwa mhusika yuko semina. Mara ya pili waliambiwa warudi na barua. Walirudi na barua, yenye mhuri, wakaambiwa bajeti ya mwaka ule imekwisha kufungwa na hapakuwa na kumbukumbu yoyote ya ahadi hiyo. Mgeni rasmi wa mwaka jana alizunguka boma, akapiga picha na wazee, akasema suala hili amelichukua yeye binafsi. Tunaamini bado analo.

Hatusemi haya kumshitaki mtu. Viongozi wana mengi, na fedha hazitoshi, hilo tunalielewa. Tunayasema kwa sababu kuna jambo limebadilika hapa kijijini, na ingekuwa si haki wewe usilijue. Mwaka juzi bati 60 zilipotangazwa, mama mmoja aliyekuwa na miezi minane tu ya kisomo alifungua daftari lake na kuandika. Tunalo hapa, ameniruhusu nilisome: "Tarehe 8 Septemba. Mgeni amesema bati sitini. Wiki mbili." Neno "mgeni" amelikosea, ameandika "mgemi," lakini tarehe ni sahihi na hesabu ni sahihi. Wazee walipoambiwa mjini kwamba hakuna kumbukumbu, alilia. Alidhani kosa ni lake, kwamba pengine aliandika vibaya. Mimi ninayesoma risala hii ndiye niliyemfundisha kuandika tarehe, na sikuwa na jibu la kumpa.

Risala ya mwaka jana ilikuwa na maombi saba: chumba, vitabu, posho za wawezeshaji, redio, viti, miwani na kisima. Tukajibiwa kwamba yote saba yanafanyiwa kazi. Mwaka huu kamati imekaa na kukubaliana kwamba ombi ni moja. Hata posho za wawezeshaji, ambao wanafundisha mwaka wa tatu bila kulipwa na leo wamekubali wenyewe kutotajwa kwa madai yao, tumeziweka kwenye barua ya pembeni tutakayokupa.

Ombi letu ni paa. Tunahitaji bati 60 za geji 28, ambazo kwa bei ya dukani wiki iliyopita ni shilingi 32,000 kila moja, jumla shilingi 1,920,000. Mbao za kupaulia ni shilingi 1,150,000. Kofia za paa, misumari na dawa ya mchwa ni shilingi 310,000. Jumla yote ni shilingi 3,380,000. Fundi hatukuombi. Ujira wake, shilingi 450,000, tumeshauweka tayari kwa kuku na michango, na mweka hazina wetu, ambaye miaka sita iliyopita hakujua kuandika 450, anacho kitabu cha benki mkononi. Chakula cha mafundi tutapika wenyewe. Bati zikifika kijijini Jumatatu, fundi anasema Jumamosi tunaingia ndani.

Kama uwezo wa zote haupo, tunakuomba utuambie leo hapa hapa, mbele ya wote. Hatutavunjika moyo. Ukisema bati 30, tutakwenda kwa wengine tukatafute 30. Ukisema hapana, tutavunja mradi wa kuku, tuuze na jogoo, tuanze na upande wa mashariki unaomomonyoka. Wazee wanajua kupokea hapana, wamepokea nyingi maishani. Kinachotuumiza ni ndiyo inayotuweka mwaka mzima tukiangalia barabara, huku ukuta unaliwa na mvua na wengine wakitutoka. Aliyekuwa mkubwa wetu mwaka jana alikuwa na miaka 84. Alikuwa amebakiza kujifunza kugawanya.

Tunakuomba pia, kabla hujaondoka, ufike kwenye boma kwa miguu yako, si kwa kuangalia ukiwa garini. Ni mwendo wa dakika tatu. Ndani ya ukuta wa mbele tumeshasiliba sehemu ya ubao kwa saruji na kuipaka rangi nyeusi, na wanakisomo wameomba uwe mtu wa kwanza kuandika hapo. Uandike kiasi na tarehe. Chaki ipo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa niaba ya wanakisomo wote tunakushukuru kwa kutusikiliza mpaka mwisho, na tunakuombea safari njema ya kurudi. Nakala ya risala hii tumemkabidhi Mtendaji wa Kata, na nyingine imebaki kwenye faili letu. Imeambatishwa kurasa mbili za saini za wanakisomo 47. Saini 45 ni za mkono, na dole gumba ni mbili, za wenzetu walioanza mwezi uliopita.

Naomba kuwasilisha.

Katibu,
Kamati ya Darasa la Kisomo